Nyaya Zilizosogea Hatua Moja: Kisa cha Distributa ya Volkswagen ya Mwaka 1968, Arusha

Kisa hiki kilitokea kwenye gereji yetu hapa Arusha. Jina la mwenye gari, namba ya gari na jina la fundi aliyetutangulia nimeyaacha. Mwenye gari nitamwita Mwalimu, kwa sababu alifundisha hisabati miaka mingi na mpaka leo anakagua risiti ya vipuri kama anasahihisha daftari. Ninawaandikia hasa mafundi vijana waliokulia kwenye magari ya kompyuta, ambao siku moja wataletewa gari lenye distributa (kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila silinda) na pointi (swichi ndogo ndani yake, ambayo ikifunguka ndipo cheche inatokea) na kuambiwa, "Lilikuwa linatembea vizuri tu." Katika makosa yote ya wiki ile, lililotugharimu muda mwingi zaidi lilikuwa langu mimi. Nitalifikia.

## Gari lenyewe

Ni Volkswagen Beetle, ile ambayo wengi wanaiita kobe, ya mwaka 1968, injini ya 1300, umeme wa volti 12. Mwalimu hachoki kukukumbusha kwamba Volkswagen ilishinda Safari Rally mwaka 1962, yeye akiwa mtoto wa shule ya msingi, na kwamba aliapa tangu siku hiyo kwamba atanunua moja. Alinunua akiwa mtu mzima, na hajawahi kuwa na gari lingine.

Asiyezijua injini hizi aelewe mambo machache kabla hatujaendelea. Injini iko nyuma, imelala, na inapozwa kwa hewa, haina rejeta wala tone la maji. Ukisimama nyuma ya gari, silinda namba 1 na 2 ziko kulia kwako, namba 3 na 4 kushoto. 1 na 3 ndizo zilizo mbele zaidi, kuelekea kiti cha nyuma. Mpangilio wa kuwaka ni 1-4-3-2. Rota ya distributa, ule mkono mdogo unaopeleka umeme kwenye waya wa kila silinda, inazunguka kufuata saa, na kranki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, pia ukiitazama kutoka upande wa puli. Alama ya taimingi, yaani ya wakati wa cheche kutokea, ni pengo dogo lililochongwa kwenye ukingo wa puli ya kranki, na unalilinganisha na mshono wa wima pale nusu mbili za bloku zinapokutana. Kwa distributa ya gari hili, yenye vakyumu (kifaa kinachosogeza wakati wa cheche kwa mvuto wa hewa ya injini) ya bomba moja, pointi zinatakiwa kufunguka digrii 7.5 kabla pistoni ya namba 1 haijafika kileleni.

Chini ya distributa kuna shafti fupi yenye meno, tunaiita pinioni. Inaendeshwa na gia ya shaba iliyo kwenye kranki, na kichwani ina mpasuo ambao ulimi wa distributa unakaa ndani yake. Mpasuo huo haukupita katikati, upande mmoja ni mnene kuliko mwingine, kwa hiyo distributa inaingia kwa namna moja tu. Watu wengi wanaishia hapo na kusema basi, gari hili haliwezi kukosewa. Ni kweli, distributa haiwezi kukosewa. Pinioni inaweza.

## Lilivyofika kwetu

Jumatano asubuhi lilivutwa kwa kamba. Kofia ya distributa ya zamani ilikuwa na ufa, na asubuhi za baridi gari lilikuwa linamisi. Mwalimu akanunua kofia mpya, nyaya mpya za plagi, pointi na kondensa, Jumatatu akampa fundi kijana wa jirani avifunge. Baada ya hapo gari halikuwaka tena. Kila likipigwa stata lilikohoa kupitia kabureta, na mara moja moto ulitoka ukaunguza kidogo chujio la hewa. Kijana alijaribu kuzungusha distributa huku na huku, akaitoa, akairudisha, mwishowe akaomba radhi.

Jumamosi yake kulikuwa na sendi-ofu ya mjukuu wa Mwalimu, na ilishatangazwa kwenye ukoo mzima kwamba binti atapelekwa ukumbini na kobe la babu. Ninalitaja kwa sababu haraka hiyo ilikaa mezani pamoja nasi katika kila uamuzi.

"Shikamoo Mwalimu. Sasa kabla ya Jumatatu, lilikuwa na tatizo lolote?"

"Marahaba. Lilikuwa linatembea vizuri tu."

Hapo ndipo nilipotakiwa kuuliza maswali mengine matano. Sikuuliza.

## Uchunguzi wa kwanza

Petroli ilikuwa inafika. Cheche ilikuwepo, ya bluu, yenye nguvu. Pointi mpya zilikuwa na uwazi wa milimita 0.4 kama inavyotakiwa. Kijana alikuwa ametumia fila geji, si kipande cha kadi ya simu kama wengine. Kama cheche ipo na petroli ipo, na injini inatema moto kwenye kabureta, cheche inafika wakati valvu ya kuingiza hewa bado iko wazi. Yaani inawahi mno, au inakwenda silinda isiyo yake.

Tulichofanya ni kutafuta kilele cha namba 1 bila kuiuliza distributa. Naisisitiza hatua hii. Mafundi wengi wanafungua kofia, wanatazama rota inaelekea wapi, wanasema "hapa ni namba moja". Lakini rota ndiyo inayoshukiwa. Huwezi kumuita mshukiwa awe shahidi wa kesi yake mwenyewe. Tulitoa plagi zote nne, msaidizi akaweka kidole gumba kwenye tundu la namba 1, mimi nikazungusha injini taratibu kwa spana ya 21 kwenye nati ya puli ya dainamo. Kidole kiliposukumwa na hewa tukajua ni kompresheni, tukaendelea mpaka alama ya puli ikafika kwenye mshono. Kisha tukafungua kifuniko cha valvu upande wa kulia, ambacho kwenye gari hili kinashikiliwa na waya mmoja tu wa chuma, na kuhakikisha valvu zote mbili za namba 1 zinacheza. Kranki inazunguka mara mbili kwa kila cheche ya silinda moja, kwa hiyo pistoni inafika juu mara mbili. Mara moja ni kompresheni, mara nyingine ni kutoa moshi. Alama ya puli haijui tofauti. Valvu zinajua.

Ndipo tukatoa kofia. Kwenye ukingo wa distributa kiwandani walichonga mkato mdogo wa namba 1. Rota ilitakiwa iutazame mkato huo. Ilikuwa imeupita kwa robo nzima ya mzunguko, inatazama mahali pa waya wa namba 4.

Mwalimu, aliyekuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, alielewa kabla sijamaliza kueleza. "Robo ya distributa ni nusu mzunguko wa kranki," akasema. Ndivyo. Namba 1 ikiwa kileleni, cheche ilikuwa inakwenda namba 4, ambayo wakati huo pistoni yake iko chini kabisa, imejaa mchanganyiko na ndiyo kwanza inaanza kukandamiza. Ndiyo sababu ya kukohoa kwenye kabureta.

Nikamuuliza kama kofia ya zamani bado ipo. Ilikuwa kwenye buti la mbele, imefungwa kwa gazeti. Nyaya bado zilikuwa zimechomekwa, na kila mmoja ulikuwa na kipande cha plasta chenye namba iliyoandikwa kwa kalamu. Waya wa 1 ulikuwa umekaa mahali pa 4, wa 4 mahali pa 3, wa 3 mahali pa 2, wa 2 mahali pa 1. Zote zimesogezwa hatua moja.

Kumbe huko nyuma injini iliwahi kufunguliwa yote. Aliyeifunga alirudisha pinioni ikiwa imegeuka robo. Gari lilipokataa kuwaka, badala ya kuitoa tena akasogeza nyaya. Likawaka, likatembea miaka. Kijana wa Jumatatu alipofunga kofia mpya alifuata mkato wa kiwandani, kama inavyofundishwa, na kwa kufuata utaratibu sahihi akalizima gari lililokuwa linatembea.

## Njia mbili

Njia ya kwanza ilikuwa kusogeza nyaya mpya hatua moja kama zile za zamani. Dakika kumi, gari linawaka, sendi-ofu imeokoka. Msaidizi wangu aliitaka hiyo, na sikumlaumu.

Njia ya pili ilikuwa kutoa pinioni na kuirudisha inavyotakiwa. Hapo kuna hatari moja inayowatoa mafundi jasho. Chini ya pinioni kuna washa mbili nyembamba za chuma. Ukizivuta vibaya au ukiziangusha wakati wa kurudisha, zinadondokea ndani ya bloku karibu na gia za kranki. Kama huzipati, injini inashushwa na kupasuliwa kwa ajili ya washa.

Nilichagua ya pili, kwa sababu ambayo si ya unadhifu tu. Kwenye distributa nyingi za vakyumu za enzi hizo, kemu inayofungua pointi haina pande nne zinazofanana. Upande wa silinda namba 3 umechongwa ili cheche yake ichelewe digrii chache. Namba 3 ndiyo inayopata joto kuliko zote, kwa sababu kipoza oili kwenye injini za miaka hiyo kimesimama katikati ya njia ya hewa inayokwenda kwake. Kiwanda kiliichelewesha cheche yake kidogo ili isiungue. Sasa ukisogeza nyaya hatua moja, ule upande wa kemu uliochongwa kwa ajili ya namba 3 unakuwa wa namba 4. Namba 4 inacheleweshewa bila sababu, na namba 3 inapoteza kinga yake. Gari linawaka, linatembea, hakuna anayeona kitu. Ila silinda inayohitaji huruma ndiyo iliyonyimwa.

Kama distributa ingekuwa ya aina ambayo pande zote za kemu zinalingana, nakiri ningesogeza nyaya, nikaandika kwa rangi nyeupe juu ya kofia, na kumwambia Mwalimu arudi baada ya sherehe.

## Kutoa na kurudisha pinioni

Kwanza inatoka pampu ya petroli pamoja na fimbo yake, kwa sababu fimbo hiyo inasukumwa na nundu iliyo kwenye pinioni hiyohiyo. Ukiisahau, pinioni haitoki hata uivute na winchi. Kisha distributa. Kati ya distributa na pinioni kuna springi ndogo, itoe kwanza usije ukaitafuta baadaye usipojua ilikokwenda.

Hatukuwa na kivutio maalumu. Msaidizi alichonga kipande cha mpini wa fagio mpaka kikabana ndani ya tundu la pinioni, akakigonga kidogo, akazungusha huku akivuta juu. Meno yake yamekatwa kwa mshazari, kwa hiyo haipandi moja kwa moja, inapanda ikizunguka. Ilitoka. Washa moja ilikuja nayo imenata kwenye oili, ya pili ilibaki chini mahali pake. Tuliitoa kwa sumaku ya fimbo. Bloku la Volkswagen hizi ni la aloi ya magnesiamu, sumaku hailishiki, kwa hiyo kinachonata ni washa tu.

Kurudisha: washa zote mbili zilipakwa grisi nzito, zikateremshwa zikiwa zimevishwa kwenye bisibisi ndefu kama pete, mpaka zikakaa. Tulimulika na tochi, tukazihesabu, mtu mwingine akazihesabu tena. Pinioni iliingizwa ikiwa imegeuzwa kidogo, maana itazunguka inaposhuka kwenye gia. Inapokaa, namba 1 ikiwa kileleni kwa kompresheni, mpasuo unatakiwa kukata mshono wa bloku kwa pembe mraba, na ule upande mwembamba uelekee kwenye puli. Mara ya kwanza ilikaa jino moja pembeni. Mara ya pili pia. Ya tatu ikakaa.

Distributa ikaingia, rota ikautazama mkato wa kiwandani. Waya wa 1 hapo, kisha 4, 3, 2 kufuata saa.

Taimingi tuliiweka injini ikiwa imesimama, kwa balbu ya volti 12. Waya mmoja wa balbu kwenye koili, terminali namba 1, ule upande unaokwenda kwenye distributa. Mwingine kwenye bodi. Alama ya puli kwenye mshono, swichi imewashwa. Unazungusha mwili wa distributa kufuata saa mpaka balbu izime, kisha unaurudisha taratibu kinyume cha saa mpaka iwake. Sekunde inapowaka ndipo pointi zimefunguka, ndipo cheche ilipo. Kaza nati. Usiache swichi imewashwa ukaenda kunywa chai, kwa sababu pointi zikiwa zimefungana koili inachemka. Na uwazi wa pointi lazima uwe umeshapimwa kabla ya yote hayo. Ukiupanua uwazi baadaye, pointi zinafunguka mapema zaidi na taimingi inawahi, ukiupunguza, inachelewa. Anayeweka taimingi kwanza kisha akagusa pointi hajaweka taimingi.

Stata, nusu mzunguko, ikawaka. Jioni ya Jumatano tulipiga makofi.

## Alhamisi: linawaka, lakini

Jambo moja lilinipita. Ili injini isizime kwenye sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, nililazimika kukaza skrubu ya kabureta zaidi ya kawaida. Nikajiambia ni kabureta chafu.

Asubuhi nililichukua gari mpaka Usa River na kurudi. Kwenda, ambako ni kuteremka, hakuna shida. Kurudi, kuanzia Tengeru, likawa zito. Gia ya tatu mahali ambapo kobe linapaswa kupanda na ya nne. Dala dala zinanipita huku konda ananiangalia kwa huruma. Nilipofika gereji nilinusa oili ya moto. Nikavuta dipstiki na kujaribu kuishika kwa vidole, haikushikika. Kwa injini isiyo na geji ya joto hicho ndicho kipimo cha mafundi wa zamani wa Volkswagen: dipstiki isiyoshikika, oili imepata moto kupita kiasi.

Injini nzito, moto, inayotaka kabureta ifunguliwe zaidi ili isizime. Hizo ni dalili za cheche iliyochelewa. Mchanganyiko unawaka pistoni ikiwa imeshaanza kushuka, moto mwingi unaishia kwenye bomba la moshi na vichwa vya silinda badala ya kusukuma pistoni. Lakini taimingi nilikuwa nimeiweka kwa mkono wangu, balbu imewaka mbele ya macho ya watu watatu, alama ikiwa kwenye mshono sawasawa.

Alama gani, sasa?

## Kilele cha kweli

Puli ilikuwa na pengo moja tu. Mimi nilichukulia kwamba pengo hilo ni la digrii 7.5 kabla ya kilele, kwa sababu hilo ndilo gari hili linahitaji. Sikupima.

Tulitengeneza kizuizi cha pistoni kutokana na plagi kuukuu: tukavunja udongo wake wa ndani, tukaichomelea boluti iliyosawazishwa ncha. Ikafungwa kwenye tundu la plagi ya namba 1. Tukazungusha kranki kwa mkono, spana ya 30 kwenye boluti ya puli yenyewe, mpaka pistoni ikagusa kizuizi. Tukachora mstari wa chaki kwenye puli sambamba na mshono. Tukazungusha upande wa pili mpaka ikagusa tena, mstari wa pili. Katikati kabisa ya mistari hiyo miwili ndicho kilele. Taratibu tu, kwa mkono, usiguse stata.

Kilele kilipopatikana, pengo la puli lilikuwa kushoto kwake. Kranki inazunguka kufuata saa, kwa hiyo alama iliyo kushoto inafika kwenye mshono baada ya kilele. Mwalimu alitaka hesabu. Tulipima puli: kipenyo karibu milimita 175, mzunguko kama 550. Gawanya kwa 360, digrii moja ni milimita 1.5 na kitu. Kutoka kilele mpaka kwenye pengo kulikuwa na milimita saba na nusu hivi, yaani digrii 5. Baada ya kilele.

Hiyo ni puli ya injini ya 1600 ya miaka ya mwanzoni mwa 1970, zile zenye distributa ya vakyumu ya mabomba mawili. Kwa distributa hizo, digrii 5 baada ya kilele ndiyo taimingi sahihi, kwa sababu bomba la pili linairudisha nyuma cheche injini ikiwa sailensa, na linaiachia ukikanyaga mafuta. Distributa ya Mwalimu ina bomba moja. Nilikuwa nimeichelewesha cheche kwa digrii 12.5.

"Ah, hiyo puli," akasema Mwalimu. "Ile ya zamani ilipasuka zamani. Walinipatia nyingine Moshi."

Alikuwa anajua siku zote. Hakuna aliyemuuliza.

Tulipima milimita 11 na nusu kulia kwa kilele, tukachonga alama mpya kwa faili la pembe tatu na kuipaka rangi nyeupe. Lile pengo la zamani tukalijaza rangi nyekundu, asije mtu mwingine akaliamini. Balbu tena, taimingi mpya, kisha taa ya taimingi injini ikiwa inaunguruma na bomba la vakyumu limetolewa na kuzibwa. Alama nyeupe ilisimama kwenye mshono. Tulipohamishia taa kwenye waya wa namba 3 mstari ulichelewa kidogo kuliko wa namba 1, ndiyo ile kinga ya kiwandani, sasa iko kwa mwenyewe.

Skrubu ya kabureta ilirudi mahali pake bila kusafisha kitu chochote.

## Matokeo

Ijumaa, Usa River tena. Kurudi, Tengeru mpaka mjini, gia ya nne karibu njia nzima. Dipstiki ya moto lakini inashikika. Jumamosi binti alipelekwa ukumbini, na wiki iliyofuata Mwalimu alikwenda Moshi na kurudi, kama kilomita 80 kila upande.

Kuna jambo moja hatukulimaliza. Shafti ya distributa inacheza kidogo pembeni, bushi zake zimechoka. Chini ya taa ya taimingi alama haitulii kabisa, inatikisika digrii moja au mbili. Nilimwambia wazi. Distributa mpya za aina isiyo na vakyumu zinauzwa na zinaingia, lakini zina tabia ya kusita unapokanyaga mafuta ghafla, na pande zote za kemu zake zinalingana. Kwa mzee anayeendesha taratibu nilimshauri avumilie hii mpaka tupate fundi wa kutengeneza bushi.

## Uchambuzi

Kutafuta namba 1 kwa kidole na valvu kabla ya kugusa distributa kulituokoa. Kama tungeanza na rota tungezunguka kama kijana wa Jumatatu. Na kofia ya zamani ilikuwa ushahidi bora kuliko maelezo ya mtu yeyote. Tangu siku ile hatutupi kipuri cha mteja mpaka gari liondoke.

Kijana wa Jumatatu simlaumu kwa kufuata mkato. Ninamlaumu kwa jambo dogo: alichomoa nyaya zote nne kwa pamoja. Angehamisha waya mmoja mmoja, kutoka kofia kuukuu kwenda mpya, angerudisha kiraka bila kujua na gari lingewaka. Au angepiga picha kwa simu, ambayo alikuwa nayo mfukoni. Aliyesogeza nyaya miaka ile, huyo ndiye hasa. Kiraka anaweza kukiweka fundi yeyote akibanwa. Yeye aliandika namba kwenye plasta lakini hakuandika kwa nini zimekaa vile.

Kosa langu ni la aina hiyohiyo. Alama ya puli niliiamini kwa sababu ipo, na kwa sababu wakati wa kuweka pinioni haikuniumiza. Digrii tano pembeni hazibadilishi jino. Kwa kazi ile ilitosha, nikaona basi inatosha kwa kila kazi. Kuhusu skrubu ya kabureta, gari lilinieleza Jumatano jioni na mimi nikaitafutia maelezo ya kunifurahisha.

Mafundi wengi wa hapa wanaweka taimingi kwa sikio: zungusha distributa mpaka injini ipande juu, rudisha kidogo, kaza. Siipendi. Inaelekea kuwahisha kupita kiasi, na kwenye Volkswagen injini iko nyuma na feni inapiga kelele, huwezi kusikia ikigonga mpaka uwe umeshachelewa kuiokoa. Lakini lazima niseme ukweli: Jumatano ile, fundi wa sikio angeligundua tatizo la puli kabla yangu. Angesikia kwamba injini inataka zaidi. Sasa ninaweka kwa balbu, ninahakikisha kwa taa, kisha ninazungusha kidogo kwa sikio ili tu kuona kama vyote vitatu vinakubaliana, halafu ninarudisha kwenye alama.

Msaidizi aliuliza kama tuongeze digrii kadhaa kwa sababu Arusha iko juu, kama mita 1,400. Hewa ni nyepesi, kompresheni inapungua, mchanganyiko unawaka polepole, kwa hiyo injini inaweza kuvumilia cheche inayowahi zaidi. Ni hoja nzuri. Niliikataa kwa sababu gari hili linateremka Moshi, ambako ni chini kwa zaidi ya mita 400, na huko zile digrii za ziada zinageuka kuwa kugonga. Angekuwa haendi mbali zaidi ya Ngaramtoni, pengine ningekubali.

Baada ya kama miezi miwili Mwalimu alirudi kwa oili. Tulipima pointi: zilikuwa milimita 0.35. Kile kisigino kinachosuguana na kemu kilikuwa kimekaa na kulika kidogo kama kawaida ya pointi mpya, uwazi ukapungua, na taa ikaonyesha cheche imechelewa digrii kama mbili. Tulirudisha uwazi kwanza, taimingi ikajirudi yenyewe karibu kabisa kwenye alama nyeupe. Mwalimu aliandika tarehe na vipimo vyote viwili kwenye karatasi ya daftari la mraba, akaibandika ndani ya kifuniko cha injini, chini ya mchoro wake wa nyaya.